Nilipohesabu Wana wa Kiume Peke Yao

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopanda milima ya Uluguru kutokea Bigwa, kalamu mbili mfukoni na faili kwapani, nikijiona mimi ndiye mimi. Wewe ndiyo kwanza umepata kazi ya kupima mahitaji ya maji ya vijiji kwa miaka ijayo, na mimi baba yako nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Ila kabla hujaondoka, kaa kidogo. Chai bado ya moto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, lakini viwanda vya Morogoro mjini vilikuwa vimeanza kukohoa. Maofisini nako, hata kwetu idara ya maji, kila mtu aliisubiri orodha ya watakaopunguzwa kazi. Tukaambiwa wafadhili watajenga mradi mmoja wa bomba kwa kila kijiji, mara moja tu, na mimi nikapewa kimoja cha huko mlimani. Ukubwa wa tangi utafuata ripoti yetu, yaani kijiji kitakuwa na watu wangapi baada ya miaka ishirini. Ukikosea, hakuna wa kurudi kuongeza.

Chanzo cha maji nilikipima vizuri, sijisifu. Ndoo na saa, mara tatu, jua likiwa kali, maana kijito cha masika humdanganya kila mtu. Kosa langu lilikuwa kwenye watu. Unajua sisi asili yetu ni Usukumani. Kwetu binti huolewa akaenda zake, na mtoto wa kiume ndiye anayejenga kwa baba. Basi nikakaa na wazee wanaume pale ofisi ya kijiji, nikamuuliza kila mmoja: una vijana wa kiume wangapi, na wangapi watajenga hapa? Wakanijibu kwa adabu zao zote. Mmoja. Labda wawili. Wengi walisema hakuna. Nikajiambia, loo, kijiji hiki kinakwisha! Nikaandika tangi dogo, na bomba liishie kanisani, lisipande mteremko wa juu. Ripoti nikaifikisha mjini kabla ya wenzangu wote, na mkubwa wangu akanisifu mbele ya watu.

Haraka haraka haina baraka. Wiki iliyofuata nilirudi kule kwa sababu nilisahau muhuri wa mwenyekiti. Njiani nikakutana na Bibi Perpetua, mama mkubwa wa ukoo wenye mashamba ya mteremko ule, anashuka sokoni na tenga la karoti kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa maji? Umetuandika tutakuwa wangapi?"

Nikamtajia. Alicheka, mwanangu, alicheka mpaka akaniomba nimsaidie kutua tenga.

"Na wasichana umewaweka wapi?"

"Wataolewa, Bibi."

"Wataolewa hapahapa! Huku kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, baba. Mwanamume ndiye anayekuja na kifurushi chake. Hao vijana uliowaandika wataenda kwa wake zao. Umewaandika wanaoondoka, wanaobaki umewaacha."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Lakini ujana bwana! Nikamjibu, "Bibi, haya mambo mimi nimeyasomea."

"Umesomea mabomba," akasema. "Watu umewasomea lini?"

Akaliacha soko lake siku ile, na karoti zimeshang'olewa, akanipandisha mlima. Mimi nahema, yeye anaongea. "Hapa ni pa Tereza, mjukuu wangu, yuko kiwandani mjini. Pale pa dada yake. Kule juu pa mabinti wa marehemu mdogo wangu. Viwanda vikifungwa unadhani wataenda wapi? Watakuja hapa na watoto wao." Kisha akanionyesha mwanamke aliyekaa mlangoni na fimbo. "Huyu ni binti yangu, mama yake Tereza. Aliteleza na ndoo akipanda njia hii, nyonga ikateguka, hajatembea sawa mpaka leo. Unataka na wanawe wapite hapohapo?"

Nilishuka nikawauliza wale wazee, jamani, mbona hamkuniambia? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Uliuliza vijana wa kiume, tukakujibu vijana wa kiume. Mgeni hakatwi kauli." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njia nzima ya kurudi mjini nilibishana na nafsi yangu. Ripoti imeshapokelewa, nimeshasifiwa, orodha ya kupunguzwa inaandikwa wiki ileile, na mama yako alikuwa na mimba ya dada yako. Ningekaa kimya nani angejua? Miaka kumi ingepita kabla tangi halijaanza kukauka, na lawama wangebebeshwa wanakijiji kwa kuchezea maji. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mama na fimbo yake. Mficha uchi hazai. Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu, Mhandisi Mbelwa, mtu mkali kama pilipili.

"Mzee, ile ripoti ya mlimani ni mbovu. Nimekosea mimi."

Nilidhani atafoka. Aliniuliza tu: "Unajua orodha inaandikwa wiki hii?"

"Najua, mzee."

Akavuta droo, akanipa fomu mpya. "Keshokutwa iwe hapa mezani. Na safari hii waulize akina mama."

Niliwauliza, nyumba kwa nyumba, Bibi Perpetua akitangulia. Tangi likakua zaidi ya mara mbili, na bomba likapanda mteremko mpaka kwenye viwanja vya mabinti. Nilimpelekea Bibi kanga ya kumshukuru. Akaipapasa, akasema, "Kanga nzuri. Bomba liko wapi?"

Bomba lilikuja, ingawa lilichelewa. Ila kabla halijafika, jina langu lilitokea kwenye orodha ya waliopunguzwa. Sijui kama ni kwa ajili ya kosa lile. Sikuuliza, na Mzee Mbelwa simlaumu. Nililia, sikufichi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mradi ulipokamilika kijiji kiliunda kamati ya maji, ikatafuta fundi wa kuutunza, na Bibi Perpetua akawaambia, "Mleteni yule aliyerudi kusema amekosea." Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wewe na dada yako. Kila ninapokumbuka nasema asante Mungu, asante Bibi.

Kiwanda kikafungwa kweli. Siku Tereza alipopanda na magodoro na watoto watatu, mimi nilikuwa hapo nakaza koki ya kituo cha juu. Akafungua maji, yakaja kwa nguvu, watoto wakalowa wakapiga kelele za furaha. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anacheka, na hakuna aliyeshika njia ya kijitoni. Niligeukia ukutani na spana yangu ili wasione machozi.

Basi, mwanangu, uendako pima maji kiangazi. Idadi ya watu wa kesho usiiandike mpaka ujue, kwa desturi za pale, ni nani anayebaki, na umsikie kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa mdomo wa aliyewahi kiti. Siku hizi desturi nyingi zinabadilika, hata huku Uluguru. Kwa hiyo uliza upya kila mahali, kuuliza si ujinga. Na ukigundua umekosea, sema kabla saruji haijamwagwa. Karatasi hufutika, tangi halifutiki. Inaweza kukugharimu. Mimi ilinigharimu, na sijajuta hata siku moja.

Mungu akufungulie njia. Akukutanishe na mtu wa kukucheka usoni, usizungukwe na wanaokuheshimu wakakuacha upotee. Na maji utakayoyaandika leo wayanywe watoto ambao hawajazaliwa, washibe, wacheze, wala wasijue kwamba kuna mtu aliwahi kuwasahau.