Usukani Uliozeeka Kila Adhuhuri

Nilitoka mji wa Wote kwenda Tseikuru kwa sababu mzee mmoja alikuwa karibu kupokonywa usukani wa gari lake, na mwenye kumpokonya alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Wale wenye umri wangu mnamkumbuka Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi aliyepanga chumba kwa mama yangu miaka ya sabini kabla hajarudi kaskazini. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari nilipokuwa sijui klachi ni kitu gani, na kila nilipozima injini alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sasa mchuuzi wa ng'ombe aliniletea salamu zake gerejini kwangu. Usukani wa pikapu yake umekuwa mzito, juzi nusura aingie korongoni, na Yusuf mwanawe ameapa kwamba siku ya soko atachukua ufunguo ampe dereva wa kuajiriwa. Mzee alikuwa ananiomba nije nimwambie ukweli: kilichochoka ni gari, au ni yeye? Swali hilo lilinichoma. Nilifunga gereji siku iliyofuata.

Mama alinijazia mfuko wa machungwa. "Mwambie Abdi hakuna mwanamume anazeeka kama bado anakula vizuri," aliniagiza. Mama yangu ana dawa moja tu kwa magonjwa yote.

Machakos niliteremka kununua vitu. Gari lile lilikuwa na usukani wa pawa, yaani pampu inayosukuma oili ili mikono ya dereva isifanye kazi peke yake, na inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Nilinunua oili, mpira wa presha na sili za kuzuia pampu isivuje. Mkanda sikununua kwa kuwa sikujua kipimo chake. Fundi akiitwa mbali hubeba duka zima, kisha kile kinachotakiwa ndicho alichokiacha.

Kutoka Kitui hadi Mwingi nilipewa lifti na lori la mahindi, na dereva wake alinihubiria njia nzima kwa sababu nilifanya kosa la kusema kwamba kanisani huwa nakaa nyuma. Kutoka Mwingi nilipanda matatu, na baada ya Kyuso nchi ilibadilika. Mashamba yakapungua, mbuzi wakaongezeka, na kila baada ya kitambo tulikata mto wa mchanga usio na tone la maji. Nilitazama mikono ya dereva wa matatu ikipigana na usukani, nikamwazia mzee wangu.

Tseikuru niliingia alasiri. Mzee Abdi alikuwa amesimama nje ya duka lake, na nakiri moyo ulinishuka. Hakuwa amekonda wala kuugua, ila alisimama kama mtu anayeomba radhi. Mjukuu wake alimnyooshea mikono abebwe, naye akamwambia, "Nenda kwa nyanya, babu hana nguvu."

Mkewe, Mama Halima, alikuwa barazani akishona kanzu kwa cherehani ya miguu. Aliacha kazi akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Musyoka! Wewe umekuwa mzee kabisa!"

"Mama, mimi ndiye nimekuja kutibu wazee," nilimjibu, na tukacheka wote isipokuwa Mzee.

Yusuf alileta chai mwenyewe. Ni mtu mpole, anasafirisha mifugo mpaka Mwingi, na nilikuwa nimekuja nikiwa tayari kumchukia. Aliniita kando.

"Fundi, mimi sina ubaya na baba," alisema. "Lakini juzi kwa ile kona gari ilimshinda, na nyuma kulikuwa na watu. Nikimuacha aendeshe mpaka aue mtu, hiyo ni mapenzi gani?"

Nilikunywa chai.

Asubuhi nilianza kazi kabla ya jua kuwa kali. Nilipima upepo wa magurudumu, nikaona uko sawa, maana wengine huupunguza wakivuka mchanga kisha huona uvivu kuurudisha. Oili ilikuwa imejaa, haina povu. Nilipiga jeki mbele nikazungusha magurudumu kwa mkono, yakaenda bila kukwama. Hakuna mpira uliovuja. Nikawasha injini nikazunguka soko zima, na usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari jipya. Mkanda wa pampu haukuwa wa mpira. Ulikuwa wa ngozi iliyosokotwa, umekaza na kunyooka, mzuri hata nikausifu.

"Belti ilikatika, na Mwingi hawakuwa na saizi," Mzee alieleza. "Huyu mama akanitengenezea. Anajua, hata cherehani yake inazungushwa na mkanda wa ngozi."

Niliwaambia sioni ugonjwa. Yusuf aliinamisha macho, na Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia. "Basi ni mimi," alisema. "Asubuhi niko sawa. Saa sita mikono inakufa. Ni uzee, Musyoka, usinifiche."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nimeona wazee wengi, lakini sijaona uzee unaokuja saa sita na kuondoka alfajiri.

"Hakuna mtu kutoa hukumu," nilisema. "Tungoje jua."

Adhuhuri tulitoka watatu kuelekea mto wa mchanga, mimi nikiwa kwenye usukani. Mwendo wa kwanza ulikuwa raha. Injini ilipopata moto vizuri, nikaanza kusikia uzito, na tulipofika kwenye ile kona nilikuwa navuta kwa mabega. Jasho lilinitoka. Yusuf alinitazama nikihema, mimi niliye mdogo sana kwa baba yake.

Nilisimamisha gari, nikaacha injini ikinguruma, nikafungua boneti. Puli ya injini, yaani gurudumu dogo linalovuta mkanda, ilizunguka kwa kasi, ile ya pampu ikijivuta kwa uvivu. Mkanda wa mpira ukiteleza hupiga kelele hata jirani akasikia. Huu wa ngozi uliteleza kimya kimya, unang'aa, unatoa harufu ya nyama choma. Nilizima injini, nikaugusa. Vidole vilirudi vikiwa vimejaa mafuta.

"Nani anapaka hii?"

"Mama Halima," alisema Mzee kwa fahari. "Kila Ijumaa, mafuta ya mkia wa kondoo. Ngozi isipopakwa inapasuka."

Asubuhi mafuta yale yalikuwa yameganda, na mkanda ukashika. Joto likiyayeyusha, mkanda unateleza, pampu inalala, na mzee wa watu anabaki kugeuza gari zima kwa mikono yake. Nilipowaeleza, Yusuf alikaa chini mchangani. "Baba, nisamehe," alisema. Mzee alikuwa anaitazama mikono yake, anaikunja na kuikunjua.

Tuliporudi nilipanga kumdanganya Mama Halima kwamba kulikuwa na boliti imelegea, ila alikuwa ameshaushika mkanda mkononi mwangu na kuunusa. Machozi yalimjaa. "Kumbe ni mimi nilikuwa nakuzeesha?"

"Umenizeesha tangu siku ya harusi," Mzee alimwambia. "Hii ya sasa ni ya gari tu."

Mama Halima alicheka na kulia pamoja. Nilimwambia mkanda wake ni imara, shida ni kwamba ameulisha kupita kiasi. Aliuosha yeye mwenyewe kwa maji moto, sabuni na jivu, mara nyingi, mpaka ukakauka na kukwaruza. Mimi nilifuta puli, nikaisogeza pampu nyuma kidogo ili mkanda ukaze. Ungetosha mpaka nimtumie wa mpira.

Siku ya soko, jua likiwa utosini, Mzee Abdi alipakia mbuzi akaendesha mpaka ng'ambo ya mto wa mchanga na kurudi. Kona ile aliikata kwa mkono mmoja, najua alikuwa anatuonyesha. Watu sokoni walimshangilia. Alishuka, akamwita Yusuf mbele yao wote, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Juzi ungeninyang'anya," alisema. "Leo nakupa. Endesha polepole, mimi nitakaa kando nikukosoe."

Mzee alimwinua mjukuu wake, akamketisha begani, akaenda zake dukani.

Nilirudi kwa njia ileile, Kyuso, Mwingi, Kitui, nikiwa na mguu wa kondoo uliokaushwa kwa ajili ya mama. Nilipojifunza ufundi niliambiwa gari likiletwa uliza limeharibika wapi. Siku hizi, nikiletewa gari zito, nauliza kwanza ni nani nyumbani analipenda, kisha ndipo nafungua boneti.