Kanga Niliyoitundika Bila Kuisoma

Vuli inapoanza, miguu yangu huniwasha. Mke wangu Wakesho anaujua ugonjwa huo na hajawahi kuutafutia dawa. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya vilima vya Taita, Mombasa nayo huanza msimu wake wa ngoma, maonyesho na vyakula vya barabarani, na mimi hapa Voi huwa sikaliki. Nilizaliwa Makupa, katika nyumba za reli, kwa kuwa baba alifanya kazi relini, na nilisoma mjini humo hadi kidato cha nne. Nimehama na kuhamahama tangu hapo, lakini mtu akiniuliza kwetu ni wapi, ulimi hutangulia kusema Mombasa kabla sijafikiri.

Mwaka huu aliyeniita ni Athman, niliyekaa naye dawati moja shuleni. Alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto.

"Yakhe, safari hii mtaa wetu unaonyesha kanga! Tutazitandaza juu ya njia, kutoka roshani hii mpaka ile, watu wapite chini yake. Nataka mtu mrefu."

"Mimi ni mrefu."

"Ndiyo maana nimekupigia. Ulidhani nimekumbuka uzuri wako?"

Asubuhi ya kuondoka, Wakesho alinisindikiza hadi langoni. Alijifunga kanga ya zambarau yenye maua ya manjano, nzuri kweli. "Nenda salama, uwasalimie," akasema, kisha akageuka na kusimama kimya, amenipa mgongo, kama mtu anayehesabu kuku wake. Alisimama hivyo kwa muda. Nilidhani amenuna, nikaona heri nisichokoze. Nikashika njia.

Treni ilipoiacha mbuga ya Tsavo nyuma nilianza kuchungulia dirishani kama mtoto. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa, aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda pwani. Nikamwambia mimi ni mzaliwa. Akanitazama tena, akanipa kipande cha chungwa, na nadhani hakuniamini.

Kutoka stesheni ya Miritini nilipanda gari la kwenda mjini. Tulipofika Kibarani mkono wangu ulikwenda wenyewe kufunga dirisha. Zama zetu hapa palikuwa jaa la taka la mji mzima, na abiria walikuwa wakiziba pua tangu mbali. Sasa nikaona miti imepandwa, na watu wamekaa wakipunga upepo. Nikalifungua dirisha tena, nikacheka peke yangu. Makupa ilinipokea kwa honi za malori na wachuuzi wa njugu, vilevile nilivyoiacha. Nyumba yetu ya zamani sikuiona. Labda ipo, labda dereva alikwenda mbio.

Adhuhuri nilikuwa nimeshaingia Mji wa Kale. Wallahi, wasomaji wangu, ningekuwa na macho manne yasingetosha. Kwenye uwanja mdogo palikuwa na shindano la bao, na wazee waliozunguka walikuwa wakimfokea mchezaji kuliko mashabiki wa mpira. Kwenye ukumbi mmoja kulikuwa na picha za milango ya nakshi. Viazi vya karai vilikuwa vikiruka mafutani, udi ukifuka madirishani, na mahali fulani nisipopaona vijana walikuwa wakijaribu ngoma za twari, wakianza, wakikosea, wakicheka, wakianza tena.

Mama yake Athman, Bi Zena, alinipokea mlangoni, ameegemea mkongojo wake.

"Masalkheri, mama. U hali gani?"

"Njema, mwanangu. Ngia ndani. Kumbe bado warefuka tu! Huko Voi hakuna dari?"

Nyumba ya Bi Zena inatazamana na ya Bi Nuru. Njia iliyo katikati ni nyembamba, hata ukinyoosha mikono unakaribia kuzigusa zote mbili. Wanawake hawa wawili walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na sasa wote ni wajane. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bi Nuru huvuka njia, huketi kwa Bi Zena, wakanywa kahawa tungu kwa halua mpaka magharibi. Hata mvua haikuwahi kuikatiza desturi hiyo. Na maonyesho yenyewe yalikuwa ya wawili hao: kila mmoja alitoa kasha lake la kanga alizokuwa akiweka tangu usichana. Mwingine yeyote mtaani hakuwa na kanga za kutosha.

"Kasha moja halifiki hata nusu ya njia," Athman aliniambia. "Yakiwa mawili, tunafika mpaka msikitini."

Alasiri hiyo tulifanya kazi. Athman alikuwa chini akinipa kanga, mimi juu ya ngazi nikizibana kambani. Nilizipanga kwa rangi: nyekundu ifuatwe na nyeupe, buluu isikae na kijani. Nilisimama mara kwa mara nikirudi nyuma kutazama kazi yangu, nikajiona fundi. Mbele kabisa ya dirisha la Bi Nuru niliweka kanga nyekundu ya Bi Zena, yenye michoro ya korosho nyeusi, kwa sababu ukuta wa pale umepauka na ulihitaji rangi ya kuuamsha.

Jioni maonyesho yalifunguliwa na njia ikajaa. Upepo ulipovuma kanga zote zilijaa kama vifua vya watu wanaotaka kuimba. Wasichana walipiga picha, wazee walisimama chini ya kanga fulani wakasema, "Hii mama yangu alikuwa nayo." Nilikuwa nikipita huku na huko, nimevimba kwa furaha.

Ila kahawa ya Bi Zena ilipoa. Bi Nuru hakuvuka.

"Labda amechoka na wageni," Bi Zena alisema. Lakini aliendelea kukitazama kile kikombe cha pili.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti za watu njiani. Nikachungulia. Madirisha ya Bi Nuru yalikuwa yamefungwa yote, na kwenye roshani yake ilikuwa imetundikwa kanga nyeupe ambayo mimi sikuitundika. Imenyooshwa vizuri, jina lake, yale maandishi ya kanga, likisomeka kutoka mbali:

NILIDHANI NI KWETU KUMBE NI KWAKO

Watu walikuwa wakionyeshana vidole, kutoka ile nyeupe hadi ile nyekundu yangu. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nilipoyasoma maandishi yaliyokuwa juu tu ya pindo la kanga nyekundu:

KILA SIKU KWANGU, KWANI KWAKO HUNA?

Niliteremka mbio hadi njiani. Mtumishi wa Bi Nuru alikuwa ameshafika kwa Athman na ujumbe mfupi: kanga zake zote zishushwe na kasha lake lirudishwe kabla ya jua kutua.

Wageni walidhani ni mchezo tuliouandaa. "Jibu litatoka saa ngapi?" mwanamke mmoja aliniuliza, ameshatafuta mahali pa kukaa.

Bi Zena, ambaye jioni ile hakutoka nje, alitoka polepole na mkongojo wake. Alisoma ile nyeupe, uso ukamwanguka. Akageuka, akaiona nyekundu.

"Nani ametundika hii hapa?"

"Mimi, mama."

"Hukuisoma?"

"Niliangalia rangi."

"Rangi! Hii niliinunua kwa ajili ya wifi yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa hatoki humu ndani. Kwa Nuru ningeisemaje? Siku asiyokuja Nuru, mimi sili." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwambie."

"Mama, si ungekwenda wewe? Ni hatua mbili."

"Amesema na mimi mbele ya mtaa mzima. Nikivuka sasa nitakuwa nimekwenda kutaka radhi kwa neno nisilolisema. Wewe ndiye uliyelisema, nenda kalirudishe."

Nilitaka kwanza niishushe ile kanga. Athman akanishika mkono. "Yakhe, ukiishusha watasema tumeogopa. Iache."

Bi Nuru alinifungulia mlango nusu. Ni mwanamke mwembamba, macho makali. Nilimweleza yote: ngazi, ukuta uliopauka, korosho nyeusi.

"Kanga haijitundiki," akasema.

"Niliitundika mimi, mama. Bi Zena hakujua."

"Wewe huyajui maneno yetu, mimi najua. Zena amekutuma. Mtu mzima kama wewe, umesoma shule, uitundike kanga mbele ya dirisha la mtu wala usiisome? Huyo mtu hajazaliwa."

"Yuko mbele yako."

Alifungua mlango kidogo zaidi. Kisha akauliza, "Una mke?"

"Ninaye."

"Ulipoondoka alijifunga kanga gani?"

"Ya zambarau," nikasema haraka, nikifurahi kupata swali jepesi. "Ina maua ya manjano kwenye mji, na pindo lina madoadoa meupe." Kule katikati ya kanga huitwa mji, na hilo nalijua.

"Mashallah. Na jina lake?"

Akilini nilimwona Wakesho langoni, amesimama, amenipa mgongo. Jina la kanga hukaa nyuma, mgongoni. Hakuwa akihesabu kuku.

"Jina lake, baba," Bi Nuru akarudia.

"Sijui."

Alianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, akajizuia, ikamshinda. Alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti. "Subhanallah! Mwanamke amesimama amekupa barua nzima, nawe ukaona maua! Basi ni kweli. Wewe ungetundika hata matusi."

"Ungetaka nikuapie?"

"Ya nini? Mtu hawezi kujitungia aibu kama hiyo." Akasimama, akajipangusa. "Rudi kwa Zena, mwambie atie maji motoni. Asiongeze neno lingine."

Niliporudi njiani watu walikuwa wamezidi. Dirisha la Bi Nuru likafunguka. Mikono yake ikaivuta ile nyeupe ndani, na mahali pake ikatoka nyingine, ya kijani, jina lake:

KAHAWA ISIPOE NAKUJA

Vigelegele vilianzia roshani ya juu vikashuka hadi chini. Wale vijana wa twari, ambao asubuhi nzima walikuwa wakikosea, safari hii walipatia. Bi Nuru alivuka njia ikiwa bado asubuhi, si alasiri, na hakuna aliyemkumbusha saa. Bi Zena alimpokea mlangoni.

"Ulidhani mimi?" akamuuliza.

"Nilidhani umezeeka ukachoka nami."

"Nimezeeka. Kuchoka bado. Keti, halua yakauka."

Kanga hazikushushwa. Ile nyekundu iliachwa pale pale, kwa sababu sasa kila mgeni alitaka kuiona, na Bi Nuru mwenyewe alikuwa akisimama chini yake akiwasimulia, na kila aliposimulia mimi nilizidi kuwa mjinga.

Mchana nilimpigia Wakesho.

"Ile kanga ya zambarau, jina lake nini?"

"Umekuwa lini mtu wa kusoma kanga?"

"Niambie tu."

"Haisomwi kwa simu hiyo," akasema, na nikasikia anacheka kidogo.

Kesho yake nilipita Biashara Street kumtafutia zawadi. Mwenye duka alinitandikia doti juu ya doti, zote zinang'aa. "Bwana, wataka ya namna gani? Mmegombana au mwapendana?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Ameniambia neno, nami sijalisoma bado."

Alizikunja zote, akazirudisha rafuni. "Huwezi kujibu usichoulizwa. Nenda kwanza kasome." Ndiyo mara pekee nimefukuzwa dukani nikiwa na fedha mkononi.

Kwa hiyo niliondoka Mombasa mapema kuliko mwaka wowote, maonyesho yakiwa bado yana siku kadhaa. Kwenye treni sikuchungulia dirishani. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani, jambo lililonishangaza mimi mwenyewe, maana haraka yangu siku zote huwa ya kuondoka.

Nilifika Voi jua likielekea kushuka. Wakesho alikuwa akianua nguo. Ile ya zambarau ilikuwa bado kambani, na upepo ulikuwa ukiikunja. Nilitua mfuko, nikaishika pindo kwa mikono miwili, nikainyoosha, nikasoma:

NINGEALIKWA NINGEKUJA

"Uliinunua lini?" nikauliza.

"Mwaka ule wa kwanza ulipokwenda na kurudi na hadithi za ngoma. Nimeivaa kila vuli." Aliendelea kutoa vibanio, hakunitazama. "Nikasema siku moja atasoma."

Miaka yote nimekwenda kutazama sherehe za watu, nimerudi na kuwasimulia nyinyi rangi zake. Rangi nilikuwa nazijua. Nilichojifunza safari hii ni kwamba rangi ni za kukuita tu usogee, ukifika unatakiwa usome.

"Maonyesho hayajafungwa," nikamwambia. "Athman ana chumba, na Bi Nuru anataka kukuona kwa macho yake. Wakesho, unaalikwa. Twende kesho."

Aliivuta ile kanga kutoka kambani, akaikunja polepole, pembe kwa pembe, akaiweka kando ya nguo nyingine.

"Hii naichukua ikatundikwe pamoja na zao," akasema. "Lakini mahali pa kuitundika nitachagua mwenyewe."