Nani Atapewa Kichwa cha Samaki

Krrrrr. Kazini kwangu, kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, nikivuta tepi kufunga boksi inatoa mlio huohuo, na mimi palepale, kimawazo, naiacha Hounslow hapa London naenda zangu ziwani. Ndivyo kinavyolia kigurudumu cha ufito wa kuvulia, samaki akinasa na kukimbia na mshipi: krrrrr, kimya kidogo, krrrrr tena. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa na miaka tisa, na ufito haukuwa mkononi mwangu. Ulikuwa mkononi mwa Sabina.

Sabina ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, dada yake Baba. Shangazi alikuwa nesi Croydon, na Sabina alilelewa na bibi kule Ukerewe mpaka makaratasi yalipokamilika akaletwa London. Alinizidi mwaka mmoja tu, ila alitembea kama aliyenizidi kumi. Likizo ya Pasaka shangazi alibanwa na shifti, basi Sabina akaja kukaa kwetu. Mama akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi sikuwa naumwa. Nikajifariji na ule mwingine, wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Hounslow nani ana jembe?

Shida ilianza na kichwa. Ijumaa Baba alikuwa akinunua sato Tooting, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mwanza aliyemwita "ndugu yangu wa ziwani", anamkaanga mzima, na kichwa kilikuwa changu. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kukila. Unaanza na shavu, maana utamu wote umekaa pale, halafu unanyonya mifupa bila haraka na bila aibu. Wenzangu shuleni walikula samaki wa mraba, hana macho wala mdomo. Mimi nilijiona binti mfalme.

Ijumaa ya kwanza ya Sabina, Baba akakiinua kile kichwa. Nikasogeza sahani. Kikapita juu yangu, taratibu, kama ndege inayokwenda kutua, kikatua kwa Sabina.

"Karibu, mama," Baba akamwambia. Alimwita mama kwa kuwa amerithi jina la bibi, mama yake mzazi Baba. Mimi nikapewa mkia.

Hata safari ya ziwani niliianza nimenuna. Rafiki yake Baba kazini alimwambia kuna kambi huko kaskazini, vibanda vya mbao kando ya ziwa, na msimu wa kuvua trauti, samaki wa maji baridi, ndio kwanza unafunguliwa. Baba hakulala vizuri tangu siku hiyo. Akaazima fito mbili. Kwenye buti ya gari akapakia unga, nyanya, malimao na chumvi. Mama, ambaye alikuwa anabaki kwa sababu ya kazi, akauliza kitoweo kiko wapi.

"Mvuvi habebi kitoweo," Baba akajibu, akafunga buti kwa mbwembwe.

Njia nzima walizungumza wao wawili. Nani kaoa, mashua ya nani imetoboka, mbuzi wa jirani bado anaingia kanisani? Mimi nilielewa kila neno, lakini mdomo wangu ulizoea kujibu Kiingereza, na utani ukijibiwa Kiingereza unakufa papo hapo. Kiswahili hiki ninachowaandikia nimekiokota baadaye, kingi jikoni, kati ya masufuria, kwa hiyo mnivumilie.

Asubuhi ziwani kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Pembeni mwa maji kulikuwa na barafu nyembamba, ukiikanyaga inalia kama kaukau za viazi zikitafunwa. Baba alivaa koti lake la kazini, la manjano linalong'aa, nadhani samaki walimwona kutoka mbali. Ufito mmoja ulikuwa wake, wa pili wetu sisi wawili kwa zamu. Zamu yangu nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna kitu. Sabina akaupokea, akakitemea mate chambo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Bibi hufanya hivi. Samaki anasikia umemkaribisha."

Baba akacheka mpaka akashika magoti. Hajawahi kucheka hivyo kwa neno langu lolote. Na kabla hajamaliza kucheka: krrrrr!

Trauti mwenye madoa mekundu, mnene, anametameta. Baba aliruka, akapiga vigelegele, mwanaume mzima. Mimi nilikitazama kile kichwa tu. Nikajua leo hata kubishana hakuna.

Ndipo akaja mlinzi wa kambi, mzee mwenye kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Akampongeza Sabina, akampa mkono, kisha akasema kwa upole kwamba mwanzo huu wa msimu samaki wote wanarudishwa majini. Baba akamwomba arudie. Akarudia.

"Mjomba," Sabina akanong'ona, "tumemvua ili tumsalimie?"

"Ndiyo hivyo, mama. Muage."

Sabina hakuweza. Baba akampokea yule samaki, akamshusha majini kwa mikono miwili, naye akapotea na kichwa chake.

Usiku ule tulikula ugali kwa sadini za kopo kutoka duka la kambi. Niliwageuza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja mwenye kichwa! Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Kisha Baba akamuuliza Sabina, sauti imeshuka, "Hivi bibi yako bado anaimba akisonga ugali?"

"Anaimba. Anasimama katikati ya wimbo, anauliza kama wewe umepiga simu."

Baba akafuta macho. Akasema moshi. Nikajifunika blanketi kwa hasira kwamba hata siri walikuwa nazo zao. Jiko la kibanda lilikuwa la umeme.

Bibi alifariki kabla Baba hajapata makaratasi ya kumruhusu kwenda Ukerewe na kurudi. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba sikunyang'anywa kile kichwa. Baba alikuwa anamtengea mama yake, na mwenye jina lake ndiye aliyekuwepo mezani. Nimeelewa, naam. Wivu lakini hauna masikio.

Jumamosi iliyopita Baba, Sabina na wengine wote walikuja kwangu. Nikabaki jikoni peke yangu na sato wangu, nao sebuleni wakicheka kwa Kikerewe, lugha ya kwao ambayo mimi siijui, na kile kijiba cha roho cha zamani kikanichoma kidogo hapa kifuani. Nikakitenga kichwa kwenye sahani ya Sabina, nikakizungushia vipande vya limau. Halafu, kabla sijakifunika kisipoe, nikalichokoa shavu la upande wa chini, lile lisiloonekana, nikalila.