Tranka la Salma

Mwani ukianikwa unanuka, tusidanganyane. Ni harufu ya chumvi na uozo kidogo, inaingia kwenye kanga, kwenye nywele, hata kwenye madaftari, nami nikiisikia leo moyo wangu unatulia tuli. Mwaka niliomaliza darasa la saba pale Mlingotini, uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Mama alilima mwani nami nilimsaidia. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wasichana wengi wa darasa letu tulikuwa baharini tukifunga mbegu kwenye kamba, na mwalimu akiyafundisha madawati. Maji hayasubiri kengele ya shule. Habari za twisheni tulizisikia tu kwa binamu yangu Salma, aliyekuja likizo kutoka Magomeni na mkoba wa vitabu uliompinda bega, akatucheka tunavyonuka, kisha jioni akatufundisha hesabu za sehemu mpaka tukamwelewa.

Baba yake Salma, mjomba wangu, ndiye kaka mkubwa wa mama, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi kutoa. Alikuwa na hakika kwamba Salma atachaguliwa kwenda shule ya bweni ya vipaji maalumu, akamnunulia kabisa tranka la bati, la buluu, jina la Salma limeandikwa kifunikoni kwa rangi nyeupe. Mama alimtania kwamba anakata kanzu kabla mwana hajazaliwa. Majina yakatoka. Salma alinizidi alama, tena kwa mbali, lakini aliyechaguliwa kwenda vipaji maalumu ni mimi. Yeye akapangiwa shule ya kutwa jirani na kwao.

Sasa, kwetu jambo jema likiingia kwenye ukoo ni la ukoo. Kanga ya dada huvaliwa na mdogo, kitanda cha harusi huzunguka nyumba tatu, na hakuna anayeuliza ni cha nani. Mjomba akaja na Salma, akala wali wa nazi, akanawa, akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, haki ya Mungu, mwenye alama nyingi ndiye mwenye nafasi. Wako achukue ile ya Salma, wangu achukue hii. Undugu ni kufaana." Mama, aliyelelewa asimjibu kaka yake, akainamisha kichwa, akasema sawa. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nililia, siwafichi, na nazi ile ililiwa na chumvi ya machozi yangu.

Asubuhi wakaenda kwa mwalimu mkuu wa shule yetu kuomba majina yabadilishwe, mimi na Salma tukifuata nyuma. Baada ya shikamoo na marahaba, mwalimu akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akavua miwani. "Mzee, hii si sinia ya pilau," alisema. Akaeleza kwamba watoto wa kila wilaya hushindanishwa wao kwa wao, kwa kuwa hawakusoma katika hali moja. Salma amepimwa na wenzake wa twisheni, na wapo waliomzidi. Huyu amepimwa na wenzake wa bamvua, na hakuna aliyemzidi. Mjomba akamtazama sana. "Kwa hiyo kumsomesha mwanangu ndilo kosa langu?" Mwalimu akaacha kucheka. "Si kosa, mzee wangu. Lakini nafasi ni ya huyu." Hapo Salma akanipiga kikumbo, akasema, "Basi baba, mpe na tranka huyu mnuka mwani. Mimi shule ya kutwa nitatia nini humo, maandazi?" Mama akacheka kwanza, kisha akalia. Mjomba hakucheka, ila tranka alilileta mwenyewe, na jina hakulifuta. Miaka yote ya bweni wageni waliniita Salma, nami niliitika.

Leo naishi Dar. Binti yangu Nasra nilimlipia twisheni ya jioni na ya Jumamosi, na mwaka huu majina yametoka. Aliyechaguliwa ni Rehema wa Mlingotini, binti wa mdogo wangu wa kiume, na Nasra amemzidi alama. Mkuki kwa nguruwe! Nilishika simu kumpigia mdogo wangu, na maneno yaliyonijia mdomoni ni yaleyale, haki ya Mungu, mwenye alama nyingi. Nikaisikia sauti ya mjomba ndani ya koo langu. Nikaiweka simu chini, nikaenda kuyatoa mablanketi kwenye tranka.

Nasra alinikuta nikilifuta vumbi. Nilimsimulia yote. Akaniuliza kama ni haki, nikamwambia ukweli, kwamba kwangu ilikuwa haki, kwa Salma sijui, na kwake yeye nimeumia. Akaligusa jina la Salma kwa kidole, mtoto wa watu. Kisha akauliza kama ile rangi nyeupe tuliyopakia dirisha bado ipo. Chini ya jina la Salma akaandika lake, herufi kubwa, akapuliza mpaka ikakauka. Jumamosi tulilipeleka tranka Mlingotini, na Rehema alitukimbilia ananuka mwani mwili mzima. Nasra akaziba pua, akacheka, akamkabidhi funguo.