Betri ya Wagonjwa

Juzi nilipita mtaa wa Lizaboni, Songea, kutafuta fundi wa pasi, nikajikuta nimesimama mbele ya kibanda cha kuchaji betri. Ile harufu ya maji ya betri, kali, inayokwaruza puani, ndiyo iliyonishika miguu. Kijana wa kibandani akaniuliza kama nina mzigo. Nikamwambia sina. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimenusa chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikiwa na miaka tisa?

Baba yangu alikuwa mhudumu wa zahanati kijijini, mbele ya Mpitimbi, na kwa kuwa nyumba yetu ilipakana na zahanati, simu ya upepo ilifungwa kwetu. Msifikirie hizi simu za mkononi. Lilikuwa sanduku la bati la kijivu, lenye kipaza sauti chenye kitufe ubavuni, na waya mrefu uliotoka dirishani ukaenda kutandazwa juu, kati ya milingoti miwili. Chini ya meza palikaa betri ya gari, ambayo baba aliipeleka mjini kuchajiwa kila baada ya wiki mbili. Hospitali ya mjini ilikuwa na sanduku kama hilo, na zahanati nyingine pia, na wote tulitumia njia moja ya hewani. Alilosema mmoja, wote walilisikia.

Baba alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa simu ile. Masharti yake nayakumbuka kama katekisimu. Sikiliza kwanza, usije ukamwingilia mwenzako. Bonyeza kitufe, vuta pumzi moja, ndipo useme, maana ukiwahi neno la kwanza linamezwa. Ukimaliza sema "ova" uachie kitufe, kwa sababu ukiking'ang'ania hutamsikia mtu na utawazibia wengine. Nguo zisianikwe kwenye waya. Mama alianika khanga mara moja tu, na hata yeye hakurudia. Na salamu iwe moja.

Hilo la salamu liliwashinda wanakijiji. Mjini simu ilishikwa na Mzee Haule, mtu mzima, na nani angethubutu kusema na mtu mzima bila shikamoo, habari za huko, watoto hawajambo, na mvua je? Baba alisimama pembeni akiitazama betri kama mtu anayechunga maziwa jikoni. "Kusikiliza kunakula kidogo," alikuwa akisema. "Kuongea ndiko kunakomaliza betri." Maneno hayo niliyasikia mpaka yakanichosha, na bado sikuyaelewa.

Mimi nilikipenda kile kitufe. Baba akiwa zahanati nilikibonyeza kidogo kidogo, nione taa nyekundu ikiwaka na kuzimika. Siku ya tatu Mzee Haule akatuita hewani kwa namba yetu, vituo vyote vikisikia, "Kituo cha tano, mkanyeni huyo mtoto anayechezea simu." Nilichapwa fimbo mbili, nikaacha.

Ndipo ikafika Komunio yangu ya Kwanza. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Songea yamejaa vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu, na baba mdogo, aliyeuza mitumba mjini, alikuja na redio kaseti yenye spika mbili kubwa. Kijiji kizima kilikuja kuiona. Betri zake ndogo ziliisha kabla hata wali haujaiva. Nikamwendea baba na gauni langu jeupe.

"Betri ile ni ya wagonjwa," akasema.

"Baba, hata leo?"

Nililia, na nakiri nililia kwa ustadi, nikijua gauni linanisaidia. Mama, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alinitazama mimi, akamtazama baba, akacheka. Baba akainama chini ya meza, akaibeba betri mwenyewe.

Muziki ulilia hadi jua linazama. Watoto wa darasa langu waliniheshimu kwa mara ya kwanza, na mama alicheza mkono mmoja ukiwa kiunoni, kikombe cha togwa kwenye mkono wa pili. Mpaka leo sijawahi kufurahi vile.

Asubuhi yake mama aliamka akivuja damu. Nesi Fatuma, mkunga wetu kutoka Tanga, alitoka chumbani mwa mama akikausha mikono. "Mzee, hili si la hapa," akamwambia baba. "Anatakiwa mjini, na anatakiwa sasa hivi. Tumuombe Mwenyezi Mungu gari liwepo."

Saa tatu ilikuwa saa ya kuita vituo vyote. Betri ilikuwa imesharudishwa mahali pake. Baba akawasha, na sauti ya Mzee Haule ikaja safi kama yuko sebuleni. Nikashusha pumzi, nikadhani tumepona.

"Gari lipo moja. Mwenye mgonjwa wa haraka aseme. Kituo cha tano?"

Baba akabonyeza, akavuta pumzi kama alivyotufundisha. "Mjini, hapa kituo cha tano, nina mgonjwa..." Taa nyekundu ikafifia, sanduku likazima. Akaachia kitufe, likafufuka.

"Kituo cha tano, unanisikia?"

Akabonyeza, likazima tena. Akakwangua vichwa vya betri kwa kisu, akakaza nyaya, akajaribu tena. Betri iliyochezewa muziki mchana kutwa ilikuwa na nguvu za kutusikilizisha tu. Mwisho baba akawa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia, bila kusema neno, huenda wangeshtuka kwamba yupo mtu.

"Ni yule mtoto tena," Mzee Haule akasema. "Baba yake atakuwa kazini. Kituo cha sita?"

Kituo cha sita walikuwa na mtu aliyevunjika mguu. Tulisikia gari likipangiwa kwenda huko, tukasikia mpaka jina la dereva. Baba alikuwa ameshasahau hata kitufe, anakisemesha kipaza sauti kitupu. "Haule, ni mke wangu. Ni mke wangu, Haule." Nesi Fatuma alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nyuma yake, viatu vyangu vyeupe vya jana mkononi. Niliogopa hata kulia.

Mama alibebwa kwa machela hadi barabarani, na lori la mahindi likampakia saa nane mchana. Yeye alipona. Mdogo wangu, wa kiume, alizaliwa amekufa.

Wiki ile Mzee Haule alikuja kutoa pole. Alikuwa mtu mfupi, kofia yake ameikunja mkononi. "Nilidhani ni mtoto," akasema.

"Hata mimi ningedhani hivyo," baba akamjibu. "Betri ilikuwa imechoka."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikingoja jina langu litajwe, kwa kitufe na kwa muziki. Halikutajwa siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilikua nikiamini baba hakuunganisha mambo. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipojua kwamba aliyaunganisha yote asubuhi ile ile, kisha akaubeba mzigo peke yake, kama alivyoibeba betri.

Mama ametutoka sasa. Miezi ya mwisho nilimuuguza, na siku moja, bila mimi kuuliza, akaniambia, "Siku ile nilimsikia baba yako. Ukuta haukufika darini, nilisikia yote. Nilitaka nimwite, nimwambie nipo, nakusikia. Sauti ikagoma." Hakuwahi kumwambia baba, na baba hakuwahi kumuuliza.

Baba anaishi Mshangano kwa kaka yangu. Nikimpigia simu hangoji shikamoo kama wazee wenzake. Anaanza yeye: "Otilia, unanisikia?" Zamani iliniudhi, nikidhani ni uzee, nikampa shikamoo yangu juu kwa juu, naye akauliza tena, "Unanisikia?" Siku hizi naiacha salamu isubiri.

"Nakusikia, Baba," namwambia.

Namsikia akihema. Kisha namwamkia, naye ananiitikia marahaba.