Dawa Waliyoikataa Kwao

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali pale Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, nilikabidhiwa meza, taipureta na rundo la magazeti rasmi ya serikali ya Marekani lililonifika kiunoni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ukutubi hapa hapa Stockholm. Mkuu wa Kitengo, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alinieleza kazi: kusoma kanuni mpya za Wamarekani kuhusu viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu wa mimea, na kuandika muhtasari kwa Kiswidi.

"Usitoe maoni," alisema. "Andika kilichoamuliwa, basi."

Haikuwa rahisi. Marekani ni shirikisho: kuna serikali kuu, na kila jimbo lina serikali na sheria zake. Jimbo moja liliweza kuipiga dawa marufuku huku jimbo jirani likiendelea kuinyunyiza. Bunge lilitunga sheria, kisha idara za serikali kuu zikaandika kanuni za kuitekeleza. Kabla kanuni haijaanza kutumika, idara iliitangaza na kuwapa wananchi muda wa kutoa maoni. Nilisoma hoja za wakulima, madaktari, hata akina mama wa nyumbani. Nakiri niliwaonea wivu. Walikuwa watu wanaosikilizwa.

Katikati ya miaka ya sabini, idara yao ya mazingira ilifuta kibali cha dawa moja iliyoharibu mishipa ya fahamu. Chini ya ukurasa palikuwa na kifungu kifupi: zuio halihusu dawa inayotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi.

Jina la dawa nililijua. Kaka yangu Elirehema alikuwa mpuliziaji dawa wa chama cha ushirika cha kahawa karibu na Moshi. Alikuwa ameniandikia, "Dada, hii dawa mpya ni kali, wadudu wanaanguka wenyewe. Ila mikono inanitetemeka."

Nilikwenda kwa Mkuu na gazeti mkononi.

"Mkuu, naomba tuwaandikie Wizara ya Kilimo Tanzania."

"Sisi tunaihudumia Sweden."

"Lakini tunajua!"

"Kujua hakukupi mamlaka, Bi Eliamani."

Jumamosi, nyumbani kwangu Hagsätra, niliandika barua mwenyewe: kwa kaka, kwa wizara, kwa idara ya Marekani na kwa jimbo lenye kiwanda cha dawa hiyo. Idara ilijibu kwamba ukaguzi wa kiwanda ni kazi ya jimbo. Jimbo likajibu kwamba biashara ya nje ni ya serikali kuu. Wizara ilinishukuru, ikasema inategemea cheti cha nchi iliyotengeneza dawa. Barua zote zilikuwa na mihuri mizuri.

Nilikuwa nimetumia anwani ya ofisi, kwa hiyo majibu yalipitia kwa Mkuu. Alinihamishia stoo ya majalada. Nilikaa huko miaka miwili.

Elirehema aliisoma barua yangu mbele ya mkutano wa ushirika. Katibu akamuuliza, "Dada yako ni daktari?" Wakaendelea kupulizia hadi shehena ikaisha. Kaka aliacha siku ile ile ya mkutano, lakini alikuwa amechelewa. Nilipokwenda likizo nilimkuta akisimama mbele ya mkewe, mwanamume wa miaka arobaini, ili afungwe vifungo vya shati.

Nilistaafu baada ya miaka mingi. Mkuu mpya, kijana mpole, alinisifu kwenye hafla ya kuniaga kwa usahihi wa muhtasari wangu, akaniomba niseme machache. Nikawasimulia habari za kaka yangu.

"Nimepekua jalada zima la dawa ile," nikasema. "Idara ilifuata sheria. Jimbo lilifuata sheria. Wizara ilifuata sheria, na ofisi hii pia. Ninyi vijana mtakaokaa kwenye meza hizi, msije mkaniambia hiyo inatosha."

Kisha mtu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna ambaye bado hajapata keki.

Nikachukua koti langu nikatoka.