Kompyuta ya Mama Haiondoki Kesho

Siyo haraka, Babu, ni kwamba kazi imeisha. Ndivyo nilivyomjibu leo jioni, maana ilikuwa mara ya pili ananiuliza kwa nini kompyuta ya Mama iko mlangoni, imefungwa shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Nikamweleza. Deo wa steshenari anakuja kesho kuichukua, ataifuta yote aweke mambo ya dukani kwake. Hesabu za nyumbani alizokuwa anaandika Mama kwenye ile programu ya zamani nimeshazitoa, nimezipitisha kwenye flashi, na programu mpya kwenye laptop yangu imezipokea. Jumla ya huku na jumla ya kule zinalingana. Lile dude linakula nusu ya meza na linanguruma utadhani mashine ya kusaga. Sasa tunaliweka la nini?

Babu ndiye baba yake Mama, anaishi na sisi hapa Kawajense tangu tumzike Mama. Akasema, "Kaa."

"Babu, nina mboga jikoni."

"Mboga haikimbii. Kaa."

Akaanza. Naandika alivyosema, nisije nikasahau.

"Mwanangu, kipindi hicho niko Litapunga, kijana, sijaoa, kichwa kinawaka. Tukaletewa mizinga ya nyuki ya kisasa, ile ya masanduku. Mimi nilikuwa na wangu wa gome, una nyuki mpaka unaogopa kupita karibu. Nikaona gome ni mambo ya wazee, nikasema hawa nawahamisha. Jioni nikapuliza moshi, nikakata masega, nikayafunga vizuri kwenye sanduku. Nyuki nao wengi wakaingia. Na kwa vile nilitaka watu waone kwamba sasa mimi ni mtu wa kisasa, ule wa gome nikauchoma hapohapo."

Akawa anasugua goti. Nikadhani amemaliza, nikainuka. Akanitazama tu. Nikakaa.

"Asubuhi akaja baba yangu mkubwa. Nikamfungulia sanduku huku najisifu. Masega yapo, asali ipo, na siafu wameshaivamia. Nyuki hata mmoja hakuna. Akaniuliza, 'Malkia, yule wanayemfuata nyuki wote, ulimwona akiingia?' Nikamwambia, baba, niliona asali yote imeingia. Akasema, 'Asali umehamisha. Nyuki je?' Akataka kuuona ule wa gome, nikamwonesha majivu. Hakunigombeza, mwanangu. Alichota majivu kidogo, akayaangalia, akaenda zake. Afadhali angenichapa."

"Sasa Babu, kompyuta ina malkia?"

"Mimi kompyuta siijui. Hebu nioneshe pale mama yako alipokununulia viatu vya shule, vile ulivyovililia."

Nikacheka. Mama alikuwa na tabia ya kuandika maneno pembeni ya kila kitu anachonunua, na akishamaliza hesabu anatusomea tunacheka. Nikafungua laptop. Tarehe ipo. Bei ipo. "Viatu" imeandikwa. Pembeni peupe. Nikashuka, nikapanda, mwaka baada ya mwaka, kote peupe. Mimi nilikagua jumla tu!

Sijui hata nilivyoifungua ile shuka. Nikaichomeka kompyuta ya Mama palepale sakafuni, ikanguruma, ikawaka kwa kujivuta kama kawaida yake, na mimi nimepiga magoti mbele yake. Yapo. Maneno yake yote yapo. "Viatu vya Adela. Kaka yake alivaa hivihivi akanyamaza, huyu kalia mpaka muuzaji kapunguza bei. Mwakani namleta tena alie."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akawa anafuta macho, na mimi nikajifanya naangalia waya.

"Basi hao ndio nyuki wako," akasema. "Sikukatazi kuhama. Hama, mwanangu, dunia yenyewe inahama. Ila cha zamani usikiachie mpaka umeingia kwenye kipya, ukatafuta kile unachokipenda zaidi, ukakiona kwa macho yako mwenyewe. Usiulize kama vimeingia vingi. Uliza kama kimeingia chenyewe. Na ukishakiona, ngoja tena kidogo, maana mkono ukishachoma haurudishi. Mungu akutulizie mikono, mjukuu wangu. Miguu akuachie na mbio zako hizohizo, kuna siku zitakufaa. Haya, kaangalie mboga."

Mboga ilikuwa imeungua. Tumekula hivyohivyo.

Kesho asubuhi, kabla hata sijafagia, nampigia Deo asije. Nilishamwahidi, kwa hiyo atanuna. Anune. Kisha kompyuta inarudi mezani, natafuta kwenye ile programu ya zamani mahali pa kuiambia itoe na maelezo ya pembeni. Ikikataa, nayaandika upya moja moja kwenye laptop, Babu akinisomea kwa sauti. Na Babu akisoma anafuata kila neno kwa kidole, mstari mmoja unaweza ukapika chai ukarudi.

Nitamsubiri.